Nangila Hajibu

Kitale,
12 Januari 2003

Kaka Wabwile,

Nakusalimu wewe, Joan mke wako, na kila mtu hapo bomani. Huku Kitale asubuhi ni baridi ya kukunja vidole, mchana ni vumbi. Kile kikohozi nilichotoka nacho kwenu Krismasi kimeisha. Mama Tara alinipa dawa yake mwenyewe, ya kunywa na maji moto, na wiki haikuisha nikawa sawa. Mzee wake Avtar yuko dukani kutwa, simwoni ila akija kula.

Kaka, nilisikia kwenye redio kwamba shule za msingi sasa ni bure, nikakaa chini pale jikoni. Mama Tara akaniuliza ninalia nini. Nikasema ni vitunguu. Nangila alitimiza miaka sita mwezi wa Novemba, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri atakaa nyumbani mwaka mwingine. Naomba umwandikishe darasa la kwanza, tena darasa lako wewe mwenyewe. Ukiwa mwalimu wake na pia mjomba wake, mimi huku nitapata usingizi. Muweke mbele.

Tangu baba yake afariki nikaja huku kulea mtoto wa wenyewe, nimejifunza mambo ya watoto ambayo sikuyajua nikiwa na wangu. Huyu Tara sasa ana miaka mitano. Nilikuwepo akianza kutambaa. Nimeona vile neno moja kwa mtoto huleta lingine. Jumatatu anasema ndege, Alhamisi anauliza ndege hulala wapi, Jumapili anataka kujua kama ndege huota ndoto. Halafu najiuliza Nangila wangu alianza lini kuuliza hivyo, na nani alimjibu. Najua ni Joan. Namshukuru sana. Pia namwonea wivu, lakini hapo usimsomee.

Jambo lingine ni barabara. Wakati wa kuvuna miwa zile trekta hazina breki za kuaminika. Asivuke peke yake kwenda sokoni. Unamjua akianza kuimba, hata umwite mara tatu hageuki.

Nimetuma viatu vyake kwa mkono wa Nyaruai, yule mama anayeuza viazi hapo sokoni kwenu. Vikiwa vikubwa, weka karatasi mbele.

Mdogo wako,
Peris


Myanga,
9 Februari 2003

Dada yangu Peris,

Barua imefika, na viatu pia, tena vimemtosha bila karatasi. Sisi hapa hatujambo. Joan anakusalimu na anasema ukija uje na ule uzi wa kufumia. Ng'ombe wetu mweusi amezaa ndama dume. Mvua bado, ila mashamba tumekwisha kulima.

Nangila nimemwandikisha, naye yuko safu ya mbele kama ulivyotaka. Darasa langu lina watoto mia moja na ushee. Nasema ushee kwa sababu kila asubuhi wanaongezeka. Wengine wanakaa sakafuni, wengine juu ya mawe waliyobeba kutoka kwao. Kuna mmoja ambaye sauti imeshavunjika, na kuna wa miaka minne aliyemfuata dada yake siku ya kwanza akakataa kurudi nyumbani. Mimi ni mmoja. Nikimaliza kusahihisha madaftari ya safu mbili, kengele imelia. Serikali imefanya jambo jema na sitalipinga, lakini limenikuta na kipande kimoja cha chaki.

Mtoto wako anazungumza kama redio. Nikiuliza swali, anajibu kabla sijalimaliza. Nikimuuliza mwingine, anamnong'oneza jibu kwa sauti inayosikika darasa la pili. Juzi nilisema wataje wanyama tunaoishi nao nyumbani. Mmoja akasema ng'ombe, mwingine akasema mbuzi. Nangila akasimama: "Mwalimu, na panya. Wetu analala chini ya kitanda cha mjomba." Darasa zima lilicheka, na mimi nilishindwa kujizuia.

Sasa hivi amekaa hapa ubavuni pangu, anataka maneno yake yaingie kwenye barua. Nayaandika kama anavyoyatoa:

"Mama, nilivaa viatu. Vinalia kwii kwii. Mama Joan amesema nisivivae jikoni. Ndama tumemwita Kitale kwa sababu wewe uko Kitale. Huyo Tara anajua kusoma? Mimi najua a, e, i, o, u. Usimfundishe ule wimbo wa sungura. Huo ni wetu."

Hayo ndiyo maneno yake. Alitaka kuendelea, karatasi ndiyo imekwisha.

Kaka yako,
Wabwile


Kitale,
23 Machi 2003

Kaka Wabwile,

Natumaini mvua imewafikia, maana huku imeanza na watu wanapanda. Msalimie Joan, uzi nimepata.

Nilikuwa nimepanga kuja Pasaka. Sitaweza. Mama mkwe wa Mama Tara anatoka Nakuru kukaa hapa, na nimeombwa nisiondoke. Sikuweza kukataa. Nitakuja Agosti.

Yale maneno ya Nangila nimeyasoma mpaka karatasi imekatika pale ilipokunjwa. Mwambie Tara anajua kusoma kidogo tu, si kama yeye. Hilo la wimbo wa sungura mwambie nimesikia.

Aniandikie tena maneno mengine. Hata kama ni ya panya.

Peris


Myanga,
25 Mei 2003

Dada Peris,

Usikasirike kwa kimya changu. Mvua ya mwaka huu imekuwa nyingi, njia ya kwenda posta ilikuwa tope tupu. Mahindi yamefika magotini na tumeshapalilia mara ya kwanza. Joan alikuwa na maumivu ya mgongo, sasa ni nafuu. Ndama anakua vizuri. Paa la darasa la nne liling'olewa na upepo, kwa hiyo hao nao wanasomea kwangu mchana.

Wakati wa likizo ya Aprili Nangila alipata homa. Ni malaria kama ya watoto wote wa huku. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi. Sikuona haja ya kukutia wasiwasi ukiwa kazini kwa watu.

Ninachotaka kukueleza ni hiki. Amerudi shuleni, lakini amekuwa mtoto mwingine. Nikimuuliza swali, ananitazama tu. Nikiita jina lake asubuhi, hajibu, na yuko hapo mbele yangu. Joan akimtuma maji, anaenda kuleta kuni, au haendi popote. Akizungumza, anapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, na ukimwambia apunguze, anaongeza. Wenzake wanamcheka, naye anawapiga.

Majirani wanasema ni kwa sababu baba hayuko na mama yuko mbali. Mimi kama mwalimu nimewaona watoto wengi wakianza kiburi katika umri huu, na kiburi kisipokatwa mapema kinakuwa tabia. Lakini sipendi kumgusa mtoto wa dada yangu bila ruhusa. Ndiyo maana nakuuliza. Nimtie adabu?

Wabwile


Kitale,
8 Juni 2003

Kaka Wabwile,

Pole kwa mgongo wa Joan. Hapa tunaendelea, yule mgeni kutoka Nakuru amerudi kwake.

Homa gani hiyo, kaka? Alilala hospitali siku ngapi? Nani alikaa naye? Umeandika mistari mitatu juu ya homa, na mahindi umeyaandika zaidi. Nijibu hilo.

Juu ya ukaidi nimefikiri sana. Tara naye mwaka jana alipitia hali kama hiyo, ukimwambia njoo anakimbia. Mama yake alimnyamazia, hakumsemesha kutwa nzima, na kesho yake mtoto akaja mwenyewe kupiga magoti. Lakini Tara akinyamaziwa na mama yake, anamwona mama yake yuko pale. Wangu atanyamaziwa na nani? Mimi nimeshamnyamazia tangu Januari.

Nafikiri ananiadhibu mimi. Nilisema nitakuja Pasaka, sikuja. Mtoto hawezi kumkasirikia mtu asiyemwona, kwa hiyo anawakasirikia nyinyi. Nikiwaza hivyo nataka kupanda gari leo leo. Nikiwaza zaidi naona nikija nitamkuta na mambo haya haya, na kazi nitakuwa sina.

Sitaki aharibike akiwa mdogo. Mchape kama unavyowachapa wengine. Usimpendelee kwa sababu yangu. Ruhusa nimekupa, na nimeiandika kwa mkono wangu.

Ukimaliza, mkalishe aniandikie maneno. Nataka kusikia yeye mwenyewe anasema nini.

Peris


Myanga,
20 Julai 2003

Dada Peris,

Salamu kutoka kwetu sote. Mahindi yanatoa ndevu. Tumepata mabati ya darasa la nne kutoka kwa Vijay, yule mwenye duka la vifaa mjini Bungoma, kwa hiyo sasa nimebaki na watoto wangu tu.

Maneno uliyoomba hakuyatoa. Nilimkalisha, nikamwambia, "Sema na mama yako." Akaitazama kalamu. Nikarudia. Akaichukua, akachora duara, akanirudishia.

Nilifanya kama ulivyoruhusu. Sitaandika ni mara ngapi. Kinachonisumbua ni kwamba wenzake hulia wakati wa fimbo, yeye hulia kabla, akiniona tu nimesimama mbele yake. Nimemhamishia safu ya nyuma. Mbele panahitaji mtoto anayetaka kusoma.

Wiki iliyopita aligongwa na bodaboda njiani kutoka shuleni. Usishtuke, ni baiskeli, ameng'oka jino la mbele ambalo lingetoka tu, na goti limechubuka. Alikuwa akitembea katikati ya njia. Mwenye baiskeli aliapa kwamba alipiga kengele mpaka kidole kikamuuma. Watu walitaka kumpiga. Nikawazuia kwa sababu nilimwamini. Nilimwambia, "Huyu mtoto ni wangu na ninamjua. Hata mimi hanijibu."

Joan ana mawazo yake juu ya jambo hili. Nimemwambia ayaweke.

Homa uliyoniuliza imeshapita, haina haja turudi huko.

Wabwile


Kitale,
3 Agosti 2003

Kaka,

Sikukujibu upesi kwa sababu barua yako nilikuwa naifungua naifunga. Jana Mama Tara alinikuta nayo pale ninapopigia pasi, akauliza kama nimefiwa. Nikamsomea. Nilimsomea yote, na ile ya kuchapwa pia, kwa kumtafsiria yale magumu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Peris, mtoto yako anasikia?"

Nikamwambia, "Anasikia, ila hatii."

Akasema, "Hapana. Mimi sisemi kutii. Nauliza masikio yake inafanya kazi?"

Nilizima pasi.

Sasa fanya hivi, na usiulize kwa nini. Mtafute akiwa amekaa anacheza, amekupa mgongo, hajui kama uko. Chukua sufuria kubwa ya Joan, ipige nyuma yake kwa nguvu. Isiguse chini, asije akahisi mtikisiko. Mwangalie. Kisha uniandikie alifanya nini. Usiniandikie mahindi. Usiniandikie ng'ombe. Hilo tu.

Na kuanzia saa utakayoipokea barua hii, fimbo yako isimguse.

Peris


Myanga,
17 Agosti 2003

Dada Peris,

Tulifanya jana, nyuma ya jikoni. Alikuwa akipanga magunzi ya mahindi kwa mistari. Aliyepiga sufuria ni Joan. Mimi niliishika nikashindwa.

Kuku walitawanyika. Mtoto wa jirani alianza kulia. Nangila aliendelea kupanga magunzi.

Baadaye aliwaona kuku wakipita mbele yake wakikimbia, ndipo akageuka kuona wametishwa na nini. Akaniona mimi. Akainua mikono miwili akafunika kichwa.

Njoo.

Wabwile


Kitale,
28 Septemba 2003

Kaka Wabwile,

Msalimie Joan. Mwambie mimi na Nangila tumefika salama, na ule unga aliotufungia tumeupika.

Daktari wa masikio alimwangalia Nangila siku ile ile tuliyofika mjini. Alimvika vile vifaa masikioni, akageuza, akaongeza, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia mtoto. Alisema ugonjwa wa Aprili uliingia kichwani ukaua masikio yote mawili. Nikauliza dawa. Akasema hakuna. Nikauliza kama ni kupasuliwa. Akasema si jambo la kupasuliwa, hivyo ndivyo atakavyokuwa. Kisha akaniuliza degedege zilianza siku gani na mtoto alifikishwa hospitali siku gani. Mimi, mama aliyemzaa, sikujua. Nilisema sikuwepo. Akaandika hivyo hivyo.

Joan aliponisindikiza alianza kuniambia kitu. Halafu akakuona unakuja na mfuko wetu, akanyamaza. Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Mama Tara amekubali nikae na Nangila kwenye kile chumba changu cha nyuma mpaka mwaka uishe. Sina la kumlaumu. Tara alimfurahia sana. Alimletea vitabu vya picha, wakakaa pamoja kwenye ngazi, nikaona labda hapa tutapata pumzi. Siku ya tatu Tara akasimama akamwimbia wimbo wa sungura, wote, na yale masikio ya kuweka kwa mikono. Nangila sauti hakuisikia, ila aliitambua ile mikono. Akaniangalia. Alikaa akiniangalia mpaka nikaenda nyuma nikaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Kaka, nilikuandikia Januari kwamba nimejifunza vile maneno huingia kwa mtoto. Sikujua kwamba yanaweza kutoka. Nilipomchukua kwenu alikuwa bado anasema maji, ugali, ndama, sitaki. Yalikuwa ya kupigia kelele, lakini yalikuwepo. Sasa ugali umebaki "uga". Ndama sijamsikia akimtaja tena. Kila mmoja ninayemlea anabadilika mbele ya macho yangu, mmoja anaongeza, mwingine anapunguza, na saa moja jioni nawapa wote uji sawa.

Wiki iliyopita lango liliachwa wazi na mtu aliyeleta maziwa. Nilimkuta Nangila katikati ya barabara, ameinama anaokota maua ya jakaranda. Nyuma yake lori limesimama, karibu kiasi cha kugusa nguo yake, dereva amebana honi haachi, watu wote wa mtaa wametoka kutazama. Yeye alikuwa akichagua yale ambayo hayajakanyagwa. Aliponiona akanipa moja.

Nimemfungia chumbani tangu siku hiyo nikiwa na kazi. Nasikia akigonga mlango kutoka ndani. Sina namna ya kumwambia kwamba si adhabu.

Nijibu nilichouliza.

Peris


Myanga,
19 Oktoba 2003

Dada Peris,

Joan anakusalimu na anamsalimu Nangila, hata kama sijui salamu hiyo utaifikishaje. Tumevuna. Mahindi ni mengi kuliko mwaka jana, yamejaa ghala na mengine yako chumbani. Sina hamu nayo.

Umeuliza siku. Homa ilianza Alhamisi ya kuingia Pasaka. Nilinunua vidonge dukani. Alifika hospitali Jumatatu. Joan alitaka twende Ijumaa.

Ya katikati sitayaandika. Nilikuwa na sababu, na siku ile zilionekana sababu. Niliziandika zote kwenye karatasi nyingine ili nikutumie, nikazisoma mwenyewe, nikazitia motoni.

Jambo moja tu nitaliandika, kwa sababu Joan halijui, na sitaki nibaki nalo peke yangu. Wakati ule wote darasani, alipokuwa akinikazia macho, nilidhani ananidharau. Nilimchapa kwa hayo macho. Peris, alikuwa hanitazami macho. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Alikuwa anatafuta pale maneno yalipokuwa yakitokea siku zote.

Nilimwomba mwalimu mkuu aniondoe darasa la kwanza. Amesema hana mwingine. Kwa hiyo bado ninasimama mbele ya wale mia moja na ushee. Mtoto asipojibu, naenda nyuma yake napiga makofi. Wazazi wamesikia, wanasema mwalimu ameanza kuchanganyikiwa.

Nimeulizia kila mahali. Iko shule ya bweni ya watoto viziwi, kupita Matulo, wanapokea wapya Januari. Wanafundisha kuzungumza kwa mikono. Niliandika wakanijibu kwamba nafasi yake ipo. Nitashughulikia kila kinachotakiwa, na hilo tusibishane. Niruhusu nimpeleke mimi.

Wabwile


Kitale,
18 Januari 2004

Kaka Wabwile,

Natumaini mko wazima wewe na Joan. Sikukujibu Oktoba, Novemba ikapita, Krismasi nilipikia wageni wa watu. Mara kadhaa nilichukua kalamu, nikaona sina cha kukuambia ambacho hujajiambia mwenyewe. Leo nakuandikia kwa sababu Nangila nimempeleka, na hakuna mtu mwingine duniani anayekumbuka vile alivyokuwa akiongea isipokuwa wewe na Joan.

Sikukuruhusu umpeleke kwa sababu moja. Akikuona bado anafunika kichwa. Sikutaka hilo liwe jambo la mwisho kulifanya kabla ya kuingia pale.

Vitu ulivyotuma vilifika vyote, godoro, sanduku, sweta. Tara alimpa kitabu kimoja cha picha, akalia tulipoondoka. Nangila hakujua analilia nini.

Shule yenyewe ni safi. Ina ua mkubwa, na lango linafungwa kwa kufuli, hilo lilinipa moyo. Tulifika wakati watoto wako nje. Nilisimama kwanza nikashangaa. Unasikia miguu inakimbia, unasikia kicheko, ila maneno hakuna, yako yote mikononi. Wasichana wawili walikuwa wakigombana, mikono inaruka, mmoja akampa mwenzake mgongo ili asione anachoambiwa. Nilifikiri Nangila atafurahi. Alijificha nyuma ya sketi yangu. Kaka, yeye bado anajiona ni mtoto wa kuzungumza. Kwake wale ndio walikuwa wageni.

Matroni anaitwa Chelangat, mama mtu mzima, mpole. Alituonyesha kitanda, tukaweka mfuko wake juu. Nikamwomba jambo. Nikasema, "Mwambie kwamba nitarudi kumchukua Aprili shule ikifungwa."

Akasema, "Nimwambie kwa lugha gani, mama? Yako haisikii, na yetu bado hajaanza. Hana Aprili. Hana kesho. Ataelewa siku ile utakaporudi."

Nikauliza, "Na kabla ya hiyo siku?"

Akasema, "Kabla ya hiyo siku ataamini kwamba umemwacha. Wote huamini hivyo. Siwezi kukudanganya."

Nikaona siwezi kuondoka hivyo. Nilipiga magoti mbele ya Nangila. Nikajigusa kifua. Nikaonyesha lango. Nikachukua vidole viwili, nikavitembeza hewani kwenda mbali, mbali kabisa, halafu nikavirudisha polepole mpaka miguuni pake. Nikamgusa kifua yeye. Nikafanya tena. Alitazama vizuri, uso ameukaza, hakupepesa. Nilipomaliza mara ya tatu alitabasamu. Tangu tutoke Kitale sikuwa nimeona meno yake. Alitikisa kichwa kwamba ameelewa, nami nikamtazama Chelangat, nikitaka aone.

Nangila alikwenda kitandani. Alichukua mfuko wake, akautia begani. Akarudi akasimama kando yangu, akanishika mkono, akatazama lango. Alikuwa tayari twende.

Chelangat alisema niende sasa, kwamba nikizidi kukaa ninazidi kumwumiza. Ni yeye aliyemfungua vidole, kimoja kimoja, kutoka mkononi mwangu. Nilitoka. Niliambiwa nisigeuke, sikugeuka.

Aliita mama. Yale mengine yote yameshaharibika, lakini hilo limebaki zima, na alilitamka sawasawa kama zamani. Alilirudia nyuma ya ile kufuli nami natembea, mpaka nikafika kwenye kona ya barabara kubwa, pale ambapo hata mimi nilikuwa sisikii tena.

Peris